Absalom na Mwapache wa Ukutani

Ukipita mtaa wa Malaz leo ukataja jina la Absalom mbele ya Wakenya, kuna watakaokuambia kwamba ndiye aliyemuuza Damaris. Watakuambia bila haya, kikombe cha chai mkononi, na chai yenyewe pengine nimeipika mimi. Naitwa Rispah, Mama Timo kwa walionizoea. Nafanya usafi katika kliniki moja hapa Riyadh, na Ijumaa zangu nimezimalizia nikisukuma chapati za watu hao hao wenye midomo mirefu. Najua nani aliuza na nani aliuzwa. Damaris sasa yuko kwao Kitale salama, kwa hivyo naweza kusema, na nitasema.

Absalom ni mtu wa Mumias. Kabla ya kuja huku alikuwa na studio ya picha pale mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Alikuwa na pazia lililochorwa ndege na maua, na kwenye msumari palining'inia koti moja la bluu na tai moja nyekundu. Kila mwanaume aliyetaka picha ya heshima alivaa koti lile. Wazee walilivaa, vijana waliomaliza shule walilivaa, na bwana harusi akilivua, ndugu yake analivaa likiwa bado na joto. Absalom alikuwa akisema kwamba ukikusanya picha zote za Mumias za miaka ile utadhani kulikuwa na tajiri mmoja aliyekuwa akibadilisha vichwa. Halafu simu za kamera zikaingia, kila mtu akawa mpiga picha, studio ikafa, naye akashika njia tuliyoishika sote.

Huku walimfanya mlinzi. Jengo lake liko Al-Murabba, ofisi za wahandisi, na meza yake iko mlangoni. Mbele ya meza, ukutani, bosi alitundika picha kubwa ya zamani. Bosi huyo alisomea Arizona, Amerika, ujanani na akarudi na mapenzi ya vitu vya huko. Ni picha ya mwanaume ameketi juu ya jiwe la bandia, bunduki magotini, mkanda wa risasi kiunoni, kitambaa kimefungwa kichwani, na uso usioomba kitu kwa mtu. Chini yake kuna kibati: mpiganaji wa Kiapache, jina halijulikani.

Sasa wewe mweke mtu aliyepiga picha maisha yake yote mbele ya picha moja, shifti baada ya shifti, halafu umkataze kuiangalia. Mwanzo alikuwa akiisalimia tu, mzaha wa kupitisha saa. Baadaye akaanza kukasirika.

"Mama Timo," aliniambia, "huyu mtu alikaa chini akapigwa picha mchana kweupe. Aliyempiga alimwona. Watu wake walimwona. Sasa hajulikani aje?"

Akaanza kutafuta kwenye simu, na huko akakuta kundi zima la watu wenye ugonjwa kama wake. Wako Amerika, wako Ujerumani, wako kila mahali, na kazi yao ni kuzirudishia majina picha za miaka ile wanajeshi wa Amerika walipokuwa wakiwafukuza Waapache, wenyeji wa asili wa huko, milimani, na wapiga picha wakiwafuata nyuma na masanduku yao. Absalom alijiunga kimya kimya. Kitu cha kwanza kilichomgonga ni bunduki. Bunduki ile ile, yenye mkwaruzo ule ule kwenye mti wake, aliikuta magotini mwa wanaume wengine watatu. Wenyeji wa kundi walilijua hilo zamani, lakini yeye aliliona kwa macho yake mwenyewe, na siku hiyo alikuja kwangu akicheka hadi machozi.

"Hilo ni koti langu la bluu," alisema. "Bunduki si yake. Ni ya studio."

Kuanzia hapo akawa na namna yake ya kuangalia picha, akatufundisha sote, tukitaka tusitake. Kwanza unaondoa kila cha kuazima. Nguo iondoe, silaha iondoe, mapambo yaondoe. Kinachobaki ndicho mtu. Uso nao usiuamini sana, uso hunenepa, hukonda, hukasirika. Angalia masikio. Sikio mtu huzaliwa nalo na huzikwa nalo. Angalia vidole. Halafu angalia nyuma ya mtu, kwenye pazia, kwa maana pazia lina mikunjo na madoa yake, na ukilikuta kwenye picha mbili umejua chumba ni kimoja.

Tulimcheka sana. Tulimwita shemeji wa Waapache. Mtu akiingia kwangu na kofia, Absalom alikuwa akimwomba aivue ili "amjue vizuri." Lakini alipopata jina la mmoja wa wale wanaume, mtu aliyekuwa hana jina kwa miaka zaidi ya mia, aliacha kula. Alisema tu kwamba mtu akikosa jina amekufa mara mbili. Niliona macho yake, nikamwongezea mchuzi.

Gilbert ndiye aliyempokea Absalom alipofika Riyadh. Ni wa kutoka kule kwao, kanisa moja, karibu ndugu. Alimpa godoro chumbani kwake hapa Malaz, akamfundisha maneno ya Kiarabu ya kuombea kazi, na Absalom alipougua homa, Gilbert alimpikia uji. Haya nayasema kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa alichokifanya baadaye. Gilbert ni dereva wa maktab, ile ofisi inayoleta makadama, wasichana wa kazi za ndani, kutoka kwetu na kuwagawa kwenye majumba. Kazi yake, alivyotuambia, ni kuwachukua wasichana uwanja wa ndege na kuwafikisha. Hakutuambia kwamba wakitoroka, yeye pia ndiye hutumwa kuwatafuta.

Damaris nilikutana naye chooni. Ndiyo, chooni, pale kliniki. Madam wake alikuwa amemleta mtoto kwa daktari, na Damaris aliingia kunawa uso nikiwa nadeki. Aliponisikia nikiimba kwa Kiswahili alianza kulia kabla hata hajanisalimia. Alikuwa kadama katika nyumba moja kubwa Al-Malqa. Chumba chake kilikuwa stoo juu ya mahali pa kufulia, na kilifungwa kwa nje kila jioni. Ndugu wa mwenye nyumba alikuwa na ufunguo. Hakusema zaidi ya hapo, na sikumuuliza zaidi, mimi ni mwanamke.

Nilimpa namba yangu, nikamwambia, siku utakayoweza, uje. Aliweza. Nami nilimpitisha hadi Jeddah, kwa Lois, dada yetu mmoja mwenye ikama safi, kibali cha kukaa, anayeishi Bani Malik, kwa sababu Jeddah hakuna aliyejua sura yake. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Mama Timo, wakinishika wanirudishe Kenya mikono mitupu, ni sawa. Wanifunge, ni sawa. Lakini si ile nyumba."

Siri hiyo niliificha vizuri. Niliificha hata kwa Absalom, niliyekuwa namwamini kuliko kaka zangu, kwa sababu chumba chake kilikuwa cha Gilbert na Gilbert alikula mshahara wa maktab. Laiti ningejua kwamba kumficha Absalom siri hiyo ndiko kutakakomnasa.

Wasichana waliojificha Jeddah wana desturi yao. Wakifanya sherehe, wanaazimana magauni, wanaazimana mikufu ya herufi za dhahabu, wanapiga picha kama watu walio na amani, halafu kabla ya kuituma wanabandika maua ya simu juu ya nyuso. Waridi hapa, alizeti pale. Wanaamini wamejificha. Siwalaumu, mtu akikaa ndani miezi mingi anataka hata watu wachache wajue bado yupo. Picha ya siku ya kuzaliwa ya mmoja wao ilitoka kwa simu moja ikaingia status ya mtu, ikapita kundi hadi kundi, mpaka haikujulikana tena imetoka wapi. Ikamfikia Gilbert.

Haya yanayofuata Absalom alinieleza mwenyewe, baadaye, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake.

Gilbert alikaa kando yake kitandani, akamwekea simu mkononi. "Buda, nisaidie na hayo macho yako. Kuna mama Kitale analia kila siku. Msichana wake alikuja huku, akapotea. Hajui kama ni mzima au amezikwa. Nimeambiwa anaweza kuwa kwa hii picha."

Akampa na picha ya pili, ile wanayopigwa wasichana wote pale JKIA kabla ya kupanda ndege, wamejipanga na fulana za ajenti zinazofanana. "Huyu wa tatu ndiye msichana wa huyo mama. Kwa hii ingine, ako ama hayuko?"

Hakuna maneno mengine ambayo yangemkamata Absalom hivyo. Mtu asiye na jina, picha mbili, na mama anayelia. Hata hakuuliza maswali. Akafanya alichokuwa akiwafanyia Waapache. Magauni akayaondoa, mikufu akaiondoa, maua akayapuuza. Yakabaki masikio. Mwenye waridi usoni alikuwa na ndewe iliyoshikana na shavu na kijipengo kidogo juu, na msichana wa tatu wa JKIA alikuwa navyo vivyo hivyo.

"Ni yeye," Absalom alisema. "Mwambie mamake asilie, mtoto ni mzima. Hata amenenepa."

"Mungu ni mkubwa," Gilbert akajibu. "Sasa hapa ni wapi, ndio nimtumie mamake namba?"

Absalom akaangalia nyuma ya wasichana. Lilikuwapo pazia la kahawia lenye mistari ya krimu, na upande wa kushoto doa la pasi, umbo lake kama jani. Alikuwa ameketi mbele ya pazia hilo mwaka uliotangulia, kampuni ilipomtuma Jeddah kulinda maonyesho, akala ugali kwa mtu wa nyumbani. Alifurahi, aliniambia. Alifurahi kama alivyofurahi siku ya bunduki.

"Hii ni kwa Lois," akasema. "Bani Malik."

Lois alinipigia simu asubuhi ya Jumapili. Sauti yake ilikuwa ndogo. Watu wa maktab walikuja na askari na yule kafili wa Al-Malqa, mwajiri mwenye mkataba wake. Hawakuuliza kitu kwa majirani. Walipanda moja kwa moja, wakaingia moja kwa moja chumba chenye pazia, wakamtaja Damaris kwa majina yake mawili. Wasichana wengine walikuwa wametoka, ndiyo bahati yao. Damaris alishika mguu wa kitanda. Lois alipochungulia dirishani aliona gari, na kwenye usukani alimwona Gilbert, amevaa miwani ya jua, anakula njugu.

Ijumaa iliyofuata Gilbert alikuja kula kwangu kama kawaida. Nataka ulielewe hilo. Alikuja na soda mkononi, akavua viatu, akauliza kama kuna pilipili. Absalom alikuwa amekaa pale pale chini anapokaa siku zote, na mimi nilikuwa nimekwisha mweleza Damaris ni nani na nini kimetokea. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Gilbert," Absalom alisema, "mama wa yule msichana alisema nini ulipompigia?"

Gilbert aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akajua. Akaweka soda chini polepole. "Mimi ni dereva tu, bro. Natumwa, naendesha."

"Nimekuuliza mamake."

"Ako na mama, si ndio? Kila mtu ako na mama. Sikudanganya." Kisha akafanya kitu ambacho sitamsamehea: akacheka kidogo. "Na usinikazie macho hivyo. Nani alisema ni yeye? Nani alisema Bani Malik? Nilikupiga? Nilikulazimisha? Ulifurahi mwenyewe, Absalom. Ulikuwa unang'aa."

Nilimwambia Gilbert aondoke nyumbani kwangu. Nilimwambia kwa maneno mengine, ambayo Timo wangu hajawahi kunisikia nikiyatamka. Aliondoka bila viatu, akarudi kuvichukua, akaondoka tena. Absalom hakuinuka. Alikaa akiiangalia ile soda, jasho la chupa likishuka kwenye mkeka wangu. Sijawahi kuona mtu aliyeibiwa vile. Mwizi wa kawaida huchukua chako akaenda. Huyu alichukua kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo Absalom, akakitumia kumtia mtu kamba, kisha akamrudishia mkononi.

Usiku huo hakurudi chumbani kwa Gilbert. Alihamia kwa walinzi wenzake, wanne katika chumba cha wawili. Likizo yake ya kwanza alipanda basi kwenda Jeddah kumwona Lois, njia yote ile ya jangwa, ili aombe msamaha ana kwa ana. Lois hakufungua mlango.

"Uliwaambia habari ya pazia?" aliuliza kutoka ndani.

"Nilimwambia Gilbert. Alinidanganya, dada."

"Basi uliwaambia."

Absalom alisimama kwenye ngazi. Alisikia Lois akivuta kiti ndani, akidhani ameondoka, kisha akisema na mtu kwa simu kwamba Damaris hakupelekwa kituo cha kurudishwa Kenya. Mkataba wake ulikuwa haujaisha. Maktab ilimrudisha Al-Malqa, kwenye ile nyumba.

Alipofika Riyadh alikwenda kwa bosi wake. Alikuwa hajawahi kumwomba bosi chochote. Alimweleza yote, akamwomba atumie jina lake kubwa kumtoa msichana. Bosi alisikiliza vizuri, akamwagizia hata kahawa. Halafu akasema mambo ya kadama na kafili wake ni ya nyumba ya mtu, yeye hana njia, mafi, halas. Akaelekeza kidole ukutani. "Na rafiki yetu huyu? Jina bado?"

Watu wa Malaz nao walikwisha pata habari. Kwetu habari haipandi basi. Ilifika kwamba ni Absalom aliyetambua sikio, ni Absalom aliyetaja nyumba, na Gilbert, aliyekuwa na gari, simu nzuri na ulimi, alihakikisha haifiki zaidi ya hapo. Absalom akipita, wasichana walishusha mitandio. Mtu mmoja alimwuliza kwenye mlango wa duka kama maktab humlipa kwa kichwa au kwa sikio, na wengine wakacheka. Alipita zake. Mimi nilijibu, lakini mdomo wangu mmoja ungewaweza wangapi?

Nami nitasema ukweli: niliendelea kumpikia, lakini chochote cha siri sikukiweka tena karibu naye. Damaris alipotoroka mara ya pili, na safari hii akaja kubisha mlango wangu na kandambili za mtu mwingine, nilimficha kwangu, wenzangu wa chumbani wakijua. Jeddah palikuwa pamekwisha haribika. Nilimwambia Absalom chumba kimeingia kunguni, asije Ijumaa hizi, nitampelekea chakula kazini. Aliniangalia, akasema, "Sawa, Mama Timo." Nadhani alijua kwamba kunguni ni yeye. Ningefanya vile vile tena, hata leo, na bado iliniuma kama jino.

Wakati huo huo, kule kwenye kundi la picha, mambo yalikuwa yamesonga bila yeye. Kabla ya balaa hili alikuwa amekwisha weka picha ya mtu wa ukutani na kazi yake yote: masikio, kidole cha shahada kilichopinda, pazia la studio, na jina alilofikiri ni lake. Yalipotokea hayo aliacha kulifungua kundi. Siku moja mezani, kwa uchovu tu, alilifungua, akakuta amejibiwa na mama mmoja wa huko huko Arizona, Mwapache mwenyewe. Alinisomea nilipompelekea chakula, akinitafsiria polepole.

Mama yule hakumpongeza wala hakumtukana. Alisema jina ni hilo. Alisema mtu huyo ni wa ukoo wao, na picha hiyo nyanya yake alikuwa nayo, kwa hivyo kwao hajawahi kuwa mtu asiyejulikana hata siku moja. Wanamjua sana. Hakuwa mpiganaji. Alitangulia mbele ya wanajeshi akisoma nyayo za watu wake mwenyewe milimani, akiwaonyesha walikolala. Na vita vilipokwisha, wanajeshi walimpakia kwenye treni ile ile ya wafungwa pamoja na wale aliowafuata, wakawapeleka mbali wote. Familia ilichagua kutoliandika jina lake chini ya picha, kwa sababu kuna watoto wa pande zote mbili walio hai. Akamwomba, kwa heshima, aliondoe.

Absalom aliliondoa pale pale, mbele yangu. Kisha akamwangalia yule mwanaume na bunduki yake ya kuazima.

"Sikuwahi kufikiri," alisema, "kwamba mtu anaweza kuwa hajulikani kwa sababu watu wake wanamjua."

Bosi aliposhuka jioni ile akauliza tena habari ya jina, Absalom alimjibu, "Bado, bosi." Bosi aliguna akaenda zake. Kibati kikabaki kama kilivyo.

Ilikuwa katika wiki hizo hizo Gilbert alipotokea jengoni Al-Murabba. Mchana, watu wakipita, yeye akaja mpaka mezani kwa Absalom kama hakuna kilichotokea. Alikuwa amekonda. Maktab ilimtaka amtafute yule yule msichana kwa mara ya pili, na kafili alikuwa amekuja juu. Alimwekea simu mezani, akaisukuma na kidole.

"Wewe ni mtu wa kanisa, wewe unasamehe," alisema. "Angalia tu. Inasemekana ni Jeddah tena. Ama Dammam. Niambie tu ako ama hayuko."

Picha ilikuwa ya wasichana watatu na keki ndogo. Nyuso tatu, alizeti tatu. Mmoja wa wenzangu wa chumbani, mjinga, nilimgombeza nusu ya siku, alikuwa ameituma kwa dada yake, na dada akaiweka status. Desturi haina dawa.

Absalom aliniambia kwamba hakuhitaji hata kuinama. Sikio lilikuwa pale, na ndewe yake, na kijipengo chake. Mpaka dakika ile hakujua kama Damaris yuko hai. Gilbert ndiye aliyemletea habari kwamba ametoka katika ile nyumba, kwa mkono wake mwenyewe, na Absalom hakuwa na ruhusa ya kufurahi. Alikumbuka alivyong'aa mara ya kwanza. Kwa hivyo aliinua macho, akamtazama Mwapache ukutani mpaka uso wake ukatulia.

"Simjui mtu hapa," alisema.

"Ebu angalia vizuri. Masikio."

"Masikio ya watu yanafanana, Gilbert. Ulikuwa mchezo tu."

"Na hiyo pazia nyuma?"

Absalom alilitazama. Lilikuwa pazia la kijani lenye ndege weupe, limepauka upande wa dirisha, na chini limeshonwa kwa uzi mwekundu kwa sababu wa kijani uliisha. Gilbert alikuwa amekula mbele ya pazia hilo tangu nilipohamia Malaz. Lakini yeye kwangu alikuwa akiangalia sahani.

"Pazia kama hizo ziko kila duka Batha," Absalom alisema, akamrudishia simu. "Toka, niko kazini."

Gilbert bado anaendesha gari la maktab mpaka leo. Sijasikia treni yoyote ikimjia.

Jioni hiyo nilisikia hodi, na sauti ikawa ya Absalom. Damaris aliingia nyuma ya kabati. Nilifungua mlango kidogo tu, mwili wangu nikaujaza pale penye nafasi, na kinywa changu tayari kimeanza habari ya kunguni. Hakuniacha nimalize, wala hakujaribu kuchungulia. Alikuwa ametazama chini, kwenye viatu vyake vya kazi.

"Mama Timo," alisema, "lile pazia lako la ndege, litoe leo. Usilianike nje."

Akageuka akashuka ngazi. Nilitaka kumwita, arudi, aingie, ale, amwone kwa macho yake. Sikulitamka jina lake, kwa sababu ngazi zetu zina masikio na nyuma yangu kulikuwa na mtu asiyepaswa kujulikana. Nilifunga mlango, nikapanda kwenye kiti, nikaanza kulishusha pazia.